Presha Si ya Wazee Peke Yao: Yaliyonikuta na Mpwa Wangu Kwenye Zamu ya Maji

Najua wengi mnasubiri nimalizie habari ya kantangaze kwenye nyanya, maana niliahidi. Itakuja. Leo naomba mnivumilie niongelee jambo ambalo halimo kwenye fani yangu ila limetokea ndani ya nyumba yangu, na kila nilipolifuatilia nilijikuta narudi shambani, jikoni na sokoni, sehemu ambazo mimi na wewe tunashinda kila siku. Ni shinikizo la juu la damu, presha kama tunavyoiita wenyewe, kwa vijana wetu wa shule.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nina stashahada ya kilimo, na kipimo ninachokijua vizuri ni cha udongo. Nitakayoandika hapa ni yale niliyoambiwa na wataalamu wa afya nilipokuwa nazunguka na kijana, niliyoyasoma baadaye, na makosa yangu mwenyewe, ambayo ndiyo mengi.

Kijana ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anakaa kwangu hapa Kikwe kwa sababu ya shule. Alipokuja alikuwa mwembamba. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa na kilo 81, na kimo chake ni sentimita 168. Wageni wakija wanasema, "Mjomba mtu, unamlisha vizuri huyu." Nami nafurahi. Huku kwetu mtoto akinenepa tunasema amenawiri, na hakuna anayeuliza amenawiri kwa kitu gani.

Sasa mnajua zamu zetu za mfereji. Kiangazi kikikolea, maji ya mchana yanaishia kwa walioko juu, sisi wa chini tunayapata saa tano usiku mpaka alfajiri. Nina nusu eka ya nyanya. Kazi ya ofisi inanichosha, kwa hiyo zamu ikifika nilikuwa naenda na kijana, na siku nyingine namwacha peke yake na tochi na jembe. Ili asisinzie, nilimnunulia enaji. Chupa mbili kila zamu, moja saa tano, moja saa nane. Yeye mwenyewe akaizoea, akawa anajinunulia na siku zisizo za zamu.

Alianza kulalamika kichwa asubuhi. Mwalimu wake akaniambia anasinzia darasani. Nikasema ni simu. Nikamnyang'anya simu. Kichwa hakikuacha. Nikampeleka kupima malaria mara mbili, mara zote mbili hakuna malaria, tukapewa dawa za maumivu tukarudi nyumbani. Sehemu zote mbili hakuna aliyemfunga ule mkanda wa presha mkononi, wala mimi sikuuliza. Ningeuliza vipi? Kichwani mwangu presha ilikuwa ni ugonjwa wa baba yangu, aliyeanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 58, na wa mama yangu anayemeza vidonge kila asubuhi.

Usiku mmoja wa zamu aliniita, "Mjomba, njoo unimulike." Nikamulika. Damu ilikuwa inamtoka puani imeshalowanisha shati mpaka kifuani. Nikamkalisha kwenye tuta, nikambana pua, maji yakapasua kingo na kuingia kwa jirani, wala sikujali. Kulipokucha tulikuwa kituo cha afya.

Muuguzi aliyetupokea ni mama wa makamo. Alipomfunga mkanda wa kwanza akaufungua, akasema mkono huu ni mnene, akatafuta mkanda mkubwa zaidi. Akamkalisha dakika tano bila kuongea. Akapima: 146 juu, 92 chini. Akapumzisha, akapima tena, namba zikawa karibu na zile zile. Akaniuliza, "Baba, kijana ana umri gani?" Nikamwambia. Akaandika, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Jana alikunywa nini?"

Kuhusu ile damu ya puani, daktari alituambia jambo ambalo ni vizuri ulijue. Kutokwa damu puani kwa watoto mara nyingi ni vumbi, ukavu wa hewa au kuchokonoa, na peke yake si ushahidi wa presha. Yaani tuliikuta presha kwa bahati. Bila ile damu, kijana angeendelea kumwagilia nyanya zangu usiku na namba zile zile mwilini, maana presha kwa kawaida haina dalili. Wengi wanaishi nayo miaka bila kuumwa popote.

Nikueleze presha kwa lugha ya shambani, kwa sababu ndivyo mimi nilivyoielewa. Chukua pampu ya kumwagilia na mpira wake. Pampu ni moyo, mpira ni mishipa ya damu. Pampu ikisukuma, maji yanabana kuta za mpira. Hiyo ndiyo namba ya juu. Kati ya msukumo mmoja na mwingine mpira unabaki na mbano kidogo. Hiyo ndiyo namba ya chini. Sasa ukiuminya mpira usiku na mchana, mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tano mpira umekakamaa, viungio vinavuja, na injini ya pampu inachoka kwa kusukuma mzigo usio wake. Na chujio linaharibika. Chujio la mwili ni figo. Kijana anayeanza kubanwa na miaka 16 atafika miaka 40 na mpira uliokwisha, na hiyo ndiyo miaka anayotakiwa kulea watoto.

Kwa kijana kuanzia miaka 13, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017, ambao unatumika na nchi nyingine pia, unasema chini ya 120 kwa 80 ni salama, na kuanzia 130 kwa 80 kwenda juu ni presha ya juu. Aliye chini ya miaka 13 hapimwi kwa namba hizo. Daktari anatazama umri, jinsia na kimo. Na hakuna mtoto anayeambiwa ana presha kwa kipimo cha siku moja. Wanapima siku tatu tofauti. Sisi wiki ya pili tulikuta 138 kwa 88, wiki ya tatu 136 kwa 86. Ilishuka, kwa sababu ile siku ya kwanza alikuwa hajalala na ana enaji tumboni, lakini haikushuka vya kutosha.

Usidhani ni mpwa wangu peke yake. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4, wa miaka 25 hadi 64, ana presha ya juu. Hiyo tumeizoea. Lakini mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa watoto wa shule za msingi za Dar es Salaam, na katika kila watoto 100 waliopimwa, kama 15 hivi walikutwa na shinikizo lililozidi. Wanafunzi wa shule ya msingi! Utasema hiyo ni Dar, watoto wa chipsi na soda. Nami nilisema hivyo hivyo. Kisha nikasimama saa saba na nusu mchana mbele ya geti la shule hapa hapa kwetu, nikaona wanachokula.

Nianze na yale ambayo kijana hakuyachagua. Daktari alituuliza habari za ukoo, nikataja baba na mama. Akauliza alizaliwaje. Dada alipigiwa simu, akasema alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akiwa na kilo mbili kasoro, na yeye mwenyewe alikuwa na presha kwenye ujauzito. Kumbe mtoto aliyezaliwa mdogo sana, au mwenye wazazi na mababu wa presha, anabeba uwezekano mkubwa zaidi. Hili huwezi kulibadilisha, ila linakuambia mtoto yupi umpime mapema. Wakampima pia mkojo na damu kuangalia figo, kwa sababu kwa watoto, hasa wadogo, presha mara nyingi inaanzia kwenye figo. Wazazi mnaoacha upele na vidonda vya ngozi vya watoto viishe vyenyewe, sikieni hili: vidonda vya ngozi au vya koo vikishapita, wiki chache baadaye mtoto akaamka uso umevimba na mkojo una rangi ya soda nyeusi, hiyo ni figo. Usingoje siku ya pili. Figo za mpwa wangu zilikuwa salama, namshukuru Mungu.

Yaliyobaki yote yalikuwa ya kwetu. Uzito uliozidi kimo. Usingizi, ambao kijana wa umri ule anahitaji saa nane mpaka kumi, naye kwangu alikuwa anapata tano, siku za zamu mbili. Enaji, ambayo kafeini yake inasukuma moyo na kupandisha presha kwa saa kadhaa, na ukisoma yale maandishi madogo kwenye chupa utakuta imeandikwa haifai kwa watoto. Niliyasoma baada ya kuambiwa niyasome. Dada alinipigia jioni ile akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mtoto wangu ulikuwa unampa nini?" Sikuwa na jibu.

Daktari alimtoa nje na kuzungumza naye peke yake kuhusu sigara, pombe na mirungi. Sijui walichoongea na sikuuliza. Ninyi mnaoishi karibu na barabara mnajua mirungi inavyowafikia vijana wetu ingawa sheria inakataza. Inapandisha presha na mapigo ya moyo, na inaondoa usingizi. Kama unaona kijana hali chakula cha jioni na halali, usianze na fimbo.

Sasa twende kwenye chumvi, na hapa naomba utulie, maana ndipo penye kazi yetu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa jumla, ya kwenye ugali, mboga, mkate na kila kitu. Mtoto apate pungufu ya hapo. Nani anapima chumvi kwa gramu jikoni? Hakuna. Kwa hiyo nikatafuta kipimo cha mkulima. Hesabu watu wa nyumba yako. Nyumba ya watu sita, gramu 5 mara sita ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo inatakiwa ikae siku 16 au 17. Andika tarehe juu ya pakiti kwa kalamu siku unayoifungua. Sisi tuko sita. Pakiti yetu iliisha siku ya tisa. Mke wangu alisema nimekosea tarehe, tukafungua nyingine, ikaisha siku ya kumi. Hapo bado sijahesabu vidonge vya mchuzi, tambi za pakiti ambazo kijana alikuwa anazitafuna bila kupika na kujimwagia ile poda yake, wala chipsi za shuleni. Na bado sijahesabu magadi.

Magadi, ndugu zangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha kikundi cha akina mama habari za majiko banifu, na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikasema: tieni magadi kwenye makande na maharage, yanaiva upesi, mnaokoa kuni. Walipiga makofi. Sikukosea kuhusu kuni. Lakini madini yanayopandisha presha kwenye chumvi yanaitwa sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu hiyo hiyo. Chumvi ya mezani ina sodiamu karibu asilimia 40, magadi safi karibu asilimia 30. Wapo wataalamu wanaosema sodiamu ya chumvi ya mezani ni kali zaidi kwa presha kuliko ya magadi. Sawa. Ila magadi tunayonunua kwa fungu pale soko la Tengeru hayajasafishwa, mara nyingi yamechanganyika na chumvi yenyewe, na mama anatia kipande kwa kukadiria kisha anaonja na kuongeza chumvi juu yake. Kwenye nyumba yangu makande yanapikwa mara tatu kwa wiki. Fanya hesabu.

Tena magadi yana floraidi, na sisi wa chini ya mlima Meru floraidi tunayo ya kutosha kwenye maji, kwa sababu ya miamba ya volkano. Meno ya kahawia ya watoto wetu ndiyo ushahidi. (Usichanganye: meno yale ni ya floraidi, si dalili ya presha. Lakini kwa nini tuongeze?)

Je, maharage yataivaje? Hapa niko kwenye fani yangu. Loweka jioni, asubuhi mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Ukiloweka saa nane mpaka kumi na mbili unapunguza muda wa kuiva sana, na gesi tumboni inapungua pia. Pili, maharage yanayogoma kuiva mara nyingi ni ya zamani, yaliyokaa kwenye joto na unyevu. Yanakakamaa yakiwa ghalani. Kausha vizuri, weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mahali penye ubaridi, na ule ya msimu huu kabla ya kuuza yote na kujiwekea makapi ya mwaka jana. Tatu, mbegu zinatofautiana. Jesca, iliyotoka kituo cha utafiti cha Selian hapa hapa Arusha, inajulikana kwa kuiva haraka. Wakati wa kununua mbegu tunauliza mavuno na bei. Tuulize na kuni.

Ila usikimbilie kuacha chumvi kabisa au kununua ile ya mabonge isiyo na madini joto kwa kuwa ni rahisi. Madini joto tunayahitaji, wazee wa milimani wanakumbuka rovu. Chumvi iwe ya pakiti yenye madini joto, ipungue tu. Sisi tulipunguza taratibu, wiki kwa wiki, na chumvi ikaondoka mezani. Wiki mbili za kwanza kila mtu alinuna. Tukaongeza limau, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na nyanya, vitu ambavyo tunalima wenyewe.

Na hapo ndipo aibu yangu ya pili. Mwili una dawa yake dhidi ya sodiamu, nayo ni madini ya potasiamu. Inapatikana wapi? Ndizi, maharage, parachichi, mchicha na mboga za majani, viazi vitamu. Soma tena orodha hiyo, kisha tazama gari linalopakia kwenda Tengeru Jumatano na Jumamosi. Ndiyo hiyo hiyo. Mimi nina miti minne ya parachichi nyuma ya nyumba, na mwaka jana watoto wangu walikula yale yaliyodondoka na kupasuka tu. Yaliyo mazuri yalienda kwa dalali. Hela yake ikarudi nyumbani ikiwa soda, mkate, tambi za pakiti na enaji. Soda moja ina sukari vijiko nane au tisa vya chai. Tulikuwa tunauza dawa na kununua ugonjwa, na risiti ninazo. Sikuambii usiuze. Mimi ndiye ninayekufundisha kuuza. Nakuambia mti mmoja kati ya minne uwe wa nyumbani, na jaba moja la mchicha lisiguswe na mchuuzi. (Wagonjwa wa figo wao wana masharti yao ya potasiamu, wamsikilize daktari.)

Kwa wewe mfanyabiashara. Nilizungumza na mama mmoja anayeuza chipsi karibu na shule. Tunaheshimiana, hununua viazi kwa wakulima wangu. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia, "Afisa, mimi natia chumvi kwa sababu mwenzangu wa pale anatia." Tukakubaliana jambo dogo: chipsi zitoke kwenye mafuta bila chumvi, anayetaka aombe, na chupa ya chumvi ikae kwake, isikae mezani kwa wanafunzi. Akaongeza na ndizi mbivu na mahindi ya kuchemsha kwenye meza ile ile. Ananiambia nusu ya watoto hawaombi chumvi, wanasahau. Ndizi zinaisha kabla ya chipsi siku za jua kali. Kachumbari anaikata nyingi zaidi, na nyanya anachukua kwangu. Kwa hiyo usiseme afisa anaharibu biashara.

Jambo lingine ambalo lilinitisha kuliko namba zenyewe. Siku ya pili baada ya kutoka kituoni, nilimkuta mama yangu amekaa na mjukuu wake, amefungua pakiti yake ya vidonge, anamkatia nusu. "Meza baba, mimi vinanisaidia." Kwa mapenzi kabisa. Nilimwahi. Dawa za presha ni za aina nyingi, kila moja na mtu wake na kipimo chake. Nyingine zikimezwa na mtu asiye wake zinashusha damu mpaka anazimia, na nyingine ni hatari kwa mimba, kwa hiyo fikiria ukimpa binti. Usigawe vidonge vya presha kama unavyogawa vya kichwa. Na zile chupa za mitishamba zinazouzwa kwenye gari sokoni na spika, wanaosema presha inaisha siku saba, pita kama hujasikia.

Ukienda kumpima kijana wako, asiwe ametoka kukimbia, kucheza mpira au kunywa enaji, soda nyeusi au kahawa. Akojoe kwanza. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ulingane na mkono wake: mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa za uongo, mkubwa kwenye mkono mwembamba unazificha. Uliza bila aibu, "Naomba mumpime na presha." Ni dakika kumi. Hasa kama amenenepa ghafla, kama ukoo una presha au kiharusi, kama alizaliwa mdogo sana, au kama ana kichwa cha mara kwa mara kisicho na malaria. Na kijana mwenye kichwa kikali pamoja na kuona ukungu, kutapika, kuchanganyikiwa, kifua kubana au degedege, huyo hapangiwi Jumatatu. Ni bodaboda ya usiku ule ule.

Mpwa wangu hajaanzishiwa dawa. Daktari alisema tujaribu kwanza nyumbani, tupime kila mwezi, kisha ataamua. Sasa ni mwezi wa tatu. Anatembea kwenda shule badala ya bodaboda, anacheza mpira jioni, na saa nne usiku simu inalala chumbani kwangu. Amepungua kilo nne. Kipimo cha mwisho kilikuwa 131 kwa 80. Muuguzi alitabasamu, daktari akasema bado.

Zamu ya usiku nimeibeba mwenyewe, na nilipoona siwezi, nikapunguza nyanya kutoka nusu eka hadi robo. Jirani yule ambaye maji yaliingia kwake amekubali tubadilishane, ananiachia saa mbili za Jumamosi mchana na mimi namlimia mbegu kitaluni. Msimu huu mfuko umeniuma, sitaficha. Enaji haiingii tena nyumbani, ingawa wiki iliyopita nilikuta chupa tupu chini ya godoro. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu, kisha nikamwita tukaongea. Alisema, "Mjomba, ilikuwa moja tu, ya mtihani." Nimeamini nusu.

Ijumaa tunarudi kituoni. Dada anapanda basi Alhamisi aje aone namba kwa macho yake, na mama amesema naye anakuja apimwe siku hiyo hiyo. Wiki ijayo tunarudi kwenye kantangaze. Kama una jani lililoshambuliwa, lete ofisini kwenye mfuko uliofungwa vizuri, usije nalo mkononi ukanimwagia wadudu mezani.